Sijasikia, Rudia

Simu tumeiegemeza kwenye kopo la sukari,
sukari yenyewe imebaki ya kijiko.
Bando ni la saa moja, nimelinunua kwa hela ya mkaa,
na kioo kimepasuka pale pale
uso wa Bi. Jerotich unapotokea,
kwa hivyo mshauri wetu ana ufa
kutoka kwenye nyusi hadi kidevuni,
na hajui.

Yeye yuko Eldoret. Sisi Kakamega, Amalemba,
sebule ya viti vitatu na kitanda cha Shitsama.
Imbuka amekaa ukingoni mwa kiti
kama mtu aliyeitwa na chifu.
Kofia hajavua.
"Hayo ni mambo ya watu wa runinga," aliniambia juzi.
"Mimi nyumba yangu siianiki kwenye simu."
Lakini amekuja. Paa la watu kule Lurambi ameliacha nusu,
misumari bado imo mfukoni;
akisogea, inalia.

Bi. Jerotich anauliza: Ni lini mara ya mwisho
mlizungumza bila kupandishiana sauti?
Nikahesabu kurudi nyuma. Nikaipita Pasaka.
Nikaipita ile siku ya karo, sufuria iliporuka
na Shitsama akaingia uvunguni na viatu vya shule,
akalala humo hadi alfajiri.
Tangu siku hiyo havui viatu mpaka tulale.
Tangu siku hiyo, mtoto wa miaka tisa,
anabisha hodi kwao,
anasubiri kwanza kujua ndani mna nini.

Nilitaka kulisema hilo. Nikafungua kinywa,
ikaja mvua.

Ninyi msioijua Kakamega:
mvua ya hapa ina saa kama mwalimu.
Ilipogonga kumi ikashuka juu ya mabati yetu
kama gunia la mahindi limepasuka juu ya sinia.
Nyumba za watu Imbuka huzitilia dari,
mbao nyororo, hata panya hapiti.
Yetu aliiahidi Desemba.
Hakusema Desemba ya mwaka gani.

Midomo ya Bi. Jerotich ikacheza bila neno.
Nikapaza: Hatukusikii!
Naye: — baba — kama baba ange —
Imbuka akavua kofia.
Akainama, mdomo karibu uuguse ule ufa,
akasema kitu.
"Sijasikia, rudia!"
Akasema tena, shingo imemtutumka.
"Rudia, baba!"

Na mume wangu, ambaye kwa miaka kumi na mmoja
kelele zake nazijua zote,
ya deni, ya chumvi kuzidi, ya mpira,
akasimama, misumari ikalia,
akainua uso kwa bati alilolipiga mwenyewe
akapiga kelele nisiyoijua:

"NAOGOPA! NAOGOPA KURUDI NYUMBANI
MIKONO MI—"

Mvua ya Kakamega haiagi.
"—TUPU" ikatoka peke yake,
ikavuka ukuta, ikavuka kamba ya nguo,
kwa jirani redio ikapunguzwa.

Tukabaki na matone.
Bi. Jerotich alikuwa ameganda,
jicho moja limefumba, mkono hewani,
mtandao umekwenda zake na majibu yote.
Hakuna wa kutuambia sasa mwangalie mwenzako.
Nikamwangalia.
Ana mvi nyuma ya sikio.
Zilianza lini?

Hodi.

Hatukuitika, hakuna aliyejua ni zamu ya nani.
Shitsama akasukuma mlango, ameloa hadi soksi,
alikuwa chini ya mchirizi, tangu neno gani sijui.
"Baba, ulikuwa unagombana na nani?"
"Na mvua," Imbuka akasema.
"Ukashinda?"
Imbuka akaitazama kofia yake mkononi.
"Sijui. Muulize mama."

Mtoto akanitazama. Akalitazama paa.
Akaketi kitandani pake,
akavua kiatu kimoja.